ALT imeshuka kwa panya waliopewa dondoo la mlonge: je, ini limelindwa?

MwanafunziWaIni:

Habari zenu wanajamvi. Niko mwaka wa pili wa uzamili wa biokemia hapa Nairobi, na kabla sijaanza sura ya matokeo naomba wanaolijua ini wanikosoe. Nilipima ALT, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zikiumia.

Majani ya mlonge yalikaushwa kivulini, yakasagwa, yakalowekwa kwenye methanoli kwa siku tatu, kisha methanoli ikavukizwa hadi likabaki dondoo zito la kijani. Halikuyeyuka vizuri kwenye maji, kwa hiyo nililiyeyusha kwenye DMSO (kiyeyushi cha maabara) kwanza, halafu nikaongeza maji. Panya ni dume aina ya Wistar, sita kila kundi: kundi la maji tu, kundi la parasetamoli tu (ambayo kwa dozi kubwa huumiza ini), kundi la dondoo miligramu 400 kwa kilo ya uzito kila siku kwa siku saba kisha parasetamoli, na kundi la silimarini (dondoo la mmea linalotumiwa kama kinga ya ini ya kulinganishia) miligramu 100 kwa kilo kwa siku hizo hizo saba kisha parasetamoli. Parasetamoli nilisaga tembe, nikachanganya na maji, nikawanywesha kwa sindano ya mdomo gramu 2 kwa kilo, saa moja baada ya dozi ya mwisho ya dondoo. Hawakulala njaa. Damu nilitoa moyoni baada ya saa 24. Seramu ilikaa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri wiki tatu, nikingoja vitendanishi vifike.

Wastani wa ALT, kwa U/L: maji 78, parasetamoli 164, dondoo 81, silimarini 96. Lakini ndani ya kundi la parasetamoli kuna panya mwenye 410 na mwingine mwenye 19. Wawili kati yao, mwenye 19 na mwenye 31, maini yao yalikuwa na mabaka meupe ya kuonekana kwa macho. Nimeshauriwa niwaondoe hao wawili kama data potofu. Pia seramu kadhaa zilikuwa nyekundu, na AST zake (kimeng'enya kingine cha aina hiyo) ziko juu mno hata kwenye kundi la maji.

Swali langu: naweza kuandika kwamba dondoo la mlonge hulinda ini? Na hao panya wawili niwafanye nini?

Kipimo340:

Usiwaondoe. Huenda hao wawili ndio wagonjwa kuliko wote ulio nao, na mashine imekuficha hilo.

Kumbuka kwamba ALT haionekani yenyewe. Ndani ya kuveti (kijichupa cha kupimia mwanga), ALT ya seramu inahamisha kundi la amino kutoka kwenye alanini hadi kwenye oksoglutareti, piruveti inabaki, kisha LDH, kimeng'enya kingine kilichomo kwenye kitendanishi, inaigeuza piruveti kuwa lakteti, na kila molekuli inayogeuzwa inakula NADH moja. NADH hunyonya mwanga wa nanomita 340, NAD hainyonyi. Unachosoma ni kasi ya NADH kuisha. Njia hii ya kupima kwa mwanga ilianzishwa na Arthur Karmen mwaka 1955, na hadi leo msingi ni ule ule.

Sasa piga hesabu. Ukitumia mikrolita 1000 za kitendanishi na 100 za seramu kwenye kuveti ya sentimita 1, kizidishio ni 1768 (yaani 1000 × 1.1 ÷ 0.1 ÷ 6.22). Panya mwenye ALT 50 anashusha usomaji kwa 0.028 kila dakika. Mstari mzuri, ulionyooka. Panya mwenye ALT 5000 anashusha kwa takriban 2.8 kwa dakika. Lakini kuveti nzima ina NADH ya usomaji wa takriban 1.1 tu. Itakuwa imekwisha ndani ya nusu dakika. Maelekezo ya vitendanishi vingi yanakuambia usubiri sekunde 60 kabla ya kuanza kusoma, kwa hiyo mashine inaanza kusoma wakati hakuna kilichobaki, inaona mstari uliolala, na inakuandikia 19.

Dalili yake ni usomaji wa kwanza. Fungua data ghafi za hao wawili uangalie usomaji wa sekunde ya 60: ukikuta 0.2 au 0.3 ilhali wenzao walianza na 1.0, basi jibu umelipata. Dawa ni kuzimua seramu kwa maji ya chumvi 0.9%, mara 10 kwanza, kisha mara 20 au 50, mpaka matokeo yaangukie ndani ya kikomo kilichoandikwa kwenye kikaratasi cha vitendanishi, halafu uzidishe. Kwa sampuli za sumu ya ini, anza na mzimuo wa mara 10 kwa kila panya aliyepewa parasetamoli. Usingoje mashine ikuonye, nyingi hazionyi.

Hali ya joto nayo ni muhimu. Kipimo kinatakiwa kifanyike nyuzi 37. Kama spektrofotometa yako haina kishikio cha kuveti chenye joto, na chumba chako mwezi wa Julai kiko nyuzi 18, unapata chini ya nusu ya thamani halisi, na inabadilika kati ya asubuhi na mchana. Weka kitendanishi kwenye bafu la maji la 37 angalau dakika tano, na usome makundi yote yakiwa yamechanganywa. Ukisoma kundi la kwanza asubuhi na la nne alasiri, unaweza kuwa umepima joto la chumba.

Seramu nyekundu: chembe nyekundu zina AST na LDH nyingi mno ukilinganisha na seramu, na ALT pia, ingawa kidogo zaidi. Kwa sampuli hizo AST itupe kabisa na useme kwenye tasnifu kwamba umeitupa na kwa nini. ALT ya sampuli yenye wekundu hafifu unaweza kuitumia. Iliyo nyekundu kama juisi ya zambarau, hapana. Chanzo kwa kawaida ni mkono: sindano nyembamba, kuvuta kwa nguvu, kusukuma damu kwenye mrija ikipita tena ndani ya sindano. Tumia sindano ya geji 21 kwa panya, vuta taratibu, itoe sindano kwenye bomba kabla ya kumimina, na damu iteremke ukutani mwa mrija. Iache igande dakika 30 juu ya meza, kisha izungushe kwa 1500 hadi 2000 g dakika kumi. Usiizungushe kabla haijaganda.

La mwisho, friza. ALT haivumilii nyuzi 20 chini ya sifuri. Inapoteza nguvu, tena bila usawa kati ya sampuli, hasa pale stima ikikatika usiku na seramu ikayeyuka na kuganda tena bila mtu kujua. Seramu inakaa vizuri zaidi kwenye jokofu la kawaida la nyuzi 4 kwa siku chache kuliko kwenye friza hiyo. Ukilazimika kungoja majuma, ni nyuzi 80 chini ya sifuri, tena katika mirija midogo midogo ili kila mmoja uyeyushwe mara moja tu. Kwa wiki tatu ulizosema, namba zako zote nazitilia shaka, za juu na za chini.

IniNaNyongo:

Kipimo340 amelimaliza suala la namba. Mimi niseme kuhusu sentensi unayotaka kuiandika, kwa sababu hata namba zako zingekuwa safi kabisa bado zisingeibeba.

Parasetamoli yenyewe haiui ini. Sehemu kubwa inafungwa na glukuronidi na salfeti na kutoka kwa mkojo. Sehemu ndogo inapita kwa vimeng'enya vya saitokromu P450, hasa CYP2E1, na kugeuzwa kuwa NAPQI, ambayo ndiyo sumu. NAPQI inadakwa na glutathioni, kinga ya seli dhidi ya sumu. Glutathioni ikiisha, NAPQI inajibandika kwenye protini, hasa za mitokondria, na seli zinakufa kuanzia zile zinazozunguka mshipa wa kati wa kila kijisehemu cha ini, kwa sababu CYP2E1 imejaa pale. Msingi wa haya umejulikana tangu kazi za Jerry Mitchell, David Jollow na wenzao huko Bethesda mwaka 1973.

Kwa hiyo kuna njia mbili za ALT kushuka. Ya kwanza, dondoo lako linaisaidia seli kuhimili au kupona. Ya pili, dondoo lako limezuia CYP2E1, sumu haikutengenezwa, na ini halikushambuliwa hata kidogo. Kwenye jedwali la ALT njia hizi mbili zinafanana kabisa. Histolojia (kutazama vipande vya ini kwa hadubini) haizitofautishi. Wala MDA, SOD na katalesi (vipimo vya uharibifu wa oksijeni na kinga yake) hazizitofautishi, kwa kuwa ini lisiloshambuliwa litakuwa na vipimo vizuri vyote. Tasnifu nyingi za mimea na ini zinakwama hapa, zikisema "huondoa radikali huru" (molekuli zinazoshambulia seli) bila kuwahi kuuliza kama sumu ilitokea.

Na kwako tatizo ni zito zaidi kwa sababu ya DMSO. DMSO yenyewe ni kizuizi cha CYP2E1. Panya wa dondoo walipewa DMSO. Panya wa parasetamoli tu hukusema kama walipewa. Kama hawakupewa, basi umelinganisha "parasetamoli" na "parasetamoli pamoja na DMSO", na mlonge unaweza kuwa haukufanya lolote. Ethanoli na propilini glaikoli zina kasoro hiyo hiyo. Tumia karboksimethili selulosi 0.5% kwenye maji, sagia dondoo humo kwenye kinu kidogo, na kila kundi bila ubaguzi lipewe kimiminika hicho kwa ujazo ule ule.

Jambo la pili ni mnyama. Panya wakubwa, kama Wistar wako, ni wagumu kwa parasetamoli. Hata ukiwapa gramu 2, wanatengeneza NAPQI inayojibandika kwenye mitokondria kwa kiasi kidogo, na ALT inapanda kidogo, kwa mmoja mmoja, bila mpangilio. Vipanya (panya wadogo wa maabara) ndio wanaofanana na binadamu kwa sumu hii: miligramu 300 kwa kilo, ndani ya tumbo, wakiwa wamelala njaa, na ndani ya saa 24 ALT inafika maelfu. Ukiona tofauti ya 164 na 81 kwa sumu ambayo kwa vipanya huipandisha ALT hadi maelfu, hiyo ni athari ndogo hata kama kompyuta itakupa nyota tatu za takwimu.

Njaa hubadilisha matokeo yote. Mnyama aliyeshiba ana glutathioni nyingi. Aliyelala njaa ana karibu nusu yake. Kama wengine walikula usiku na wengine hawakula, mtawanyiko wako umeuleta mwenyewe. Ondoa chakula saa kumi na moja jioni, acha maji, choma saa tatu asubuhi, rudisha chakula baada ya sindano. Saa iwe hiyo hiyo kila siku ya jaribio, maana glutathioni na vimeng'enya vya ini hupanda na kushuka kwa mzunguko wa siku. (Hapa karibu na ikweta mchana na usiku vinagawana saa kumi na mbili mwaka mzima, ila taa ya chumba ikisahauliwa usiku inavuruga yote hayo.)

Na tembe acha. Nunua unga safi wa parasetamoli. Tembe zina wanga, povidoni na vilainishi, na gramu 2 kwa kilo ya tembe zilizosagwa ni tope linalotuama. Panya wa kwanza anapata maji ya juu, wa mwisho anapata mashapo. Kwa vipanya tengeneza miligramu 15 kwa mililita kwenye maji ya chumvi ya nyuzi 55 hadi 60, koroga hadi iwe angavu, kisha ishike kwenye bafu la nyuzi 37 wakati wote wa kuchoma. Kipanya wa gramu 25 anapata mililita 0.5. Ikipoa hadi nyuzi 20, takriban miligramu 13 tu kwa mililita ndizo zinazobaki zimeyeyuka. Zilizosalia zinakuwa fuwele ndani ya sindano, na hizo fuwele ndizo dozi yako. Asubuhi ya Julai hapa Nairobi hilo linatokea ndani ya dakika chache mezani.

Kwa nini tumboni na si mdomoni? Kwa sababu dondoo lenye tanini, likinyweshwa saa moja kabla, linaweza kuchelewesha parasetamoli kunyonywa. Hapo ini limelindwa na tumbo lililojaa.

Mtu atakushauri uhamie kaboni tetrakloridi. Haitakutoa shimoni: nayo inageuzwa kuwa sumu na CYP2E1 ile ile. Ukitaka sumu isiyopita P450, galaktosamini ndiyo hiyo, miligramu 400 hadi 800 kwa kilo kwa panya wakubwa. Inaimaliza yuridini ya seli na kusimamisha utengenezaji wa protini. Ni ghali, lakini dondoo likifanya kazi kwenye parasetamoli na kushindwa kwenye galaktosamini, shuku CYP mara moja.

Maabara_Kabete:

Nachangia kuhusu lile kundi la maji lenye wastani wa 78. Kwa Wistar dume hiyo iko juu kidogo, na ingekusumbua kabla ya kitu kingine chochote.

Angalia chakula. Chakula cha panya hapa kwetu mara nyingi kimejengwa juu ya mahindi, na mahindi yakipata unyevu yanaota kuvu wa Aspergillus na kubeba aflatoksini. Sumu hiyo tunaijua kwa uchungu: mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Kikomo cha Kenya kwa mahindi ya binadamu ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla ya aflatoksini, na 5 kwa B1. Panya wakubwa wanadhurika kwa urahisi. Vipanya wanastahimili zaidi, kwa kuwa glutathioni transferasi yao inaidaka sumu haraka, lakini usitegemee hilo: aflatoksini nayo inapita P450 na inatumia glutathioni, yaani inagusa vitu vile vile viwili unavyotaka kuvipima. Nunua gunia moja litakaloutosha utafiti mzima, chukua vijiko kutoka juu, katikati na chini, changanya, pima kwa ELISA (kipimo cha kingamwili) au kwa vijistika vya aflatoksini, andika namba ya gunia kwenye daftari. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Halafu matandiko. Maranda kutoka kwa mafundi seremala huwa mchanganyiko wa saiprasi, msindano na wakati mwingine mtarakwa. Mafuta yenye harufu ya miti hiyo, hasa mtarakwa, yanachochea vimeng'enya vya P450 kwenye ini la panya anayelala juu yake. Ukibadilisha fundi katikati ya jaribio, umebadilisha CYP. Pumba za mpunga zilizochemshwa kwa mvuke na kukaushwa, au karatasi iliyokatwakatwa, ni salama zaidi.

Na ushikaji. Mnyama akibanwa mwilini kwa nguvu wakati wa kunyweshwa, misuli na ini vinaumia na ALT inapanda hata kwa aliyepewa maji. Wazoeze kushikwa kwa wiki moja kabla.

MwanafunziWaIni:

Asanteni sana. Nimefungua data ghafi kama Kipimo340 alivyosema: wale wawili walianza na 0.24 na 0.31, wenzao karibu wote wako juu ya 0.9. Na kweli, kundi la parasetamoli tu halikupewa DMSO.

Nitarudia kwa vipanya. HPLC (mashine ya kutenganisha kemikali) ya kupima parasetamoli iliyojibandika kwenye protini siiwezi kwa bajeti niliyonayo. Je, kuna njia ya bei nafuu ya kujua kama dondoo limezuia CYP? Kamati ya wanyama itataka idadi na sababu zake. Vipande vya ini vya awali bado viko kwenye formalini. Je, silimarini ibaki?

IniNaNyongo:

Njia ipo na haihitaji mashine kubwa. Pima glutathioni ya ini dakika 30 baada ya parasetamoli. Wakati huo ini bado halijaumia, ila NAPQI imeshatengenezwa na kuinyonya glutathioni. Kwa kipanya asiyepewa kinga, glutathioni inaporomoka kwa zaidi ya asilimia 80. Kama kwa kipanya wa dondoo imeporomoka vile vile, sumu ilitengenezwa, na kinga utakayoiona baada ya saa 24 ni ya kweli. Kama haikuporomoka, dondoo au kimiminika chake kimezuia CYP au kimechelewesha dawa, na sentensi yako lazima iseme hivyo.

Toa ini haraka, kata miligramu 100 kutoka pande lile lile kwa kila mnyama, zamisha kwenye nitrojeni oevu papo hapo. Ukichelewa mezani glutathioni inapotea yenyewe. Saga kwenye mililita 1 ya asidi ya salfosalisili 5% iliyo baridi, zungusha 10,000 g kwa dakika kumi kwenye nyuzi 4. Chukua mikrolita 50 za maji ya juu, weka kwenye mikrolita 950 za bafa ya fosfeti 0.2 M, pH 8.0, yenye DTNB (kemikali inayogeuka njano ikikutana na glutathioni), subiri dakika tano, soma kwenye nanomita 412, ukitumia 14,150 kama kigawanyo cha mola. Ini la kawaida lina takriban maikromoli 5 hadi 8 kwa gramu, kwa hiyo kipanya mwenye afya aliyekula atakupa usomaji wa karibu 0.4, aliyelala njaa, chini ya hapo. Ukipata 0.05 kwa kundi lisilopewa kitu, pH yako imeshuka kwa asidi au ini lilikaa mezani. Bafa yenye DTNB itengenezwe siku hiyo hiyo na ikae gizani. Ikigeuka njano kabla hujaigusa, itupe.

Mtego mmoja: DTNB inasoma kila chenye kundi huru la SH (salfa na hidrojeni). N-asetilisisteini, dawa ya sumu ya parasetamoli, nayo inasomeka. Usiweke kundi la N-asetilisisteini kwenye kipimo hiki cha dakika 30.

Idadi. Hatua ya kwanza ni majaribio ya vipanya 6 kwa miligramu 300 kwa kilo, kuthibitisha kwamba kundi lako la Swiss (aina ya vipanya) linajibu. Wakifa, shuka hadi 250 au 200. Hatua ya pili, dakika 30, makundi manne ya watano: kimiminika, dondoo, kimiminika na parasetamoli, dondoo na parasetamoli. Hatua ya tatu, saa 24, makundi sita ya wanane: manne hayo hayo, la tano linapewa dondoo dakika 90 baada ya parasetamoli, la sita linapewa N-asetilisisteini miligramu 300 kwa kilo, dakika 90 baada. Jumla 74. Wote dume, umri mmoja, kwani majike huirudisha glutathioni haraka na kuumia kidogo. Kundi la tano ndilo ninaloliona la thamani kuliko yote: dakika 90 baadaye parasetamoli imeshageuzwa, kwa hiyo dondoo haliwezi tena kujificha nyuma ya CYP. Tena ndilo linalofanana na mgonjwa anayefika hospitalini akiwa ameshameza vidonge.

Silimarini iondoe. Ina utata ule ule wa kimetaboliki, na kushinda kitu dhaifu hakukupi hoja. N-asetilisisteini ndiyo dawa ya kweli, na kwa binadamu inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa nane.

Nikuombe pia usiziite ALT na AST "utendaji wa ini". Zinaonyesha seli zimepasuka. Utendaji ni uwezo wa ini kutengeneza na kuondoa: albumini, bilirubini, muda wa damu kuganda. Albumini haitakusaidia ndani ya saa 24, kwa binadamu nusu-uhai wake ni karibu siku 20. Faktari ya VII, protini ya kugandisha damu, inaisha kwa saa chache tu, kwa hiyo muda wa prothrombini (kipimo cha damu kuganda) unabadilika siku hiyo hiyo. Chukua plazma kidogo ya sitreti (inayozuia damu kuganda) kama damu inatosha. Kama haitoshi, pima glukosi kwa kifaa cha kidole. Ini linaloshindwa huiacha ianguke.

Ninalisisitiza hili kwa sababu unga wa mlonge unauzwa mjini hapa kwa watu wenye homa ya ini B, ambao ugonjwa wao ni wa virusi na hauhusiani hata kidogo na NAPQI. Sentensi "hulinda ini" ikitoka kwenye tasnifu, kesho iko kwenye kibandiko cha mkebe. Andika kile tu jaribio lilichopima: "likitolewa kabla ya parasetamoli", "likitolewa baada", kwa mnyama gani, kwa dozi gani.

Hesabu_na_Wastani:

Kwa takwimu, ALT za sumu ya ini hazifuati umbo la kengele. Badilisha kwanza kuwa logi, kisha ANOVA na Dunnett (majaribio ya takwimu ya kulinganisha makundi) dhidi ya kundi la kimiminika na parasetamoli. Au Kruskal-Wallis, isiyohitaji umbo la kengele, kama logi haijatosha. Onyesha nukta ya kila kipanya kwenye mchoro, si nguzo na mkia. Gawa wanyama kwenye makundi kwa namba za nasibu, na usiliweke kundi zima kwenye kizimba kimoja, la sivyo huwezi kutenganisha dondoo na kizimba. Sheria ya kumwondoa mnyama iandikwe kabla ya siku ya kwanza.

Kipimo340:

Vile vipande vya formalini usivitupe. Kama vilikatwa vyembamba, milimita 5 au chini, na formalini ilikuwa 10% yenye bafa na ujazo wa mara kumi ya kipande, vinafaa kabisa kwa himatoksilini na eosini (rangi za kutazamia seli kwa hadubini). Mwombe mtu mwingine afunike majina ya makundi na kuweka namba. Kwa kila kipande soma maeneo kumi kwa ukuzaji wa mara 100, kadiria asilimia ya eneo lililokufa kuzunguka mishipa ya kati, kisha ndipo majina yafunuliwe. Seli zilizokufa utazijua kwa waridi uliopauka na viini vilivyofifia au kutoweka, na mpaka wake na seli nzima huwa wazi. Ukikuta kifo kando ya mishipa ya nje badala ya katikati, si parasetamoli iliyofanya hivyo. Rudi kwenye chakula.

Anza na wale wawili wa 19 na 31.